Unalipwa kwa siku, ovataimu iko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Columbus, Ohio, naendesha vani ya kupeleka maboksi majumbani, sijaajiriwa na ile kampuni kubwa yenyewe ila na kakampuni kadogo kaliopewa ruti. Nalipwa dola 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Naripoti stesheni saa 3 asubuhi natoka saa 1 usiku, maana hata nikiwahi kumaliza ruti yangu dispacha ananipigia nenda kamsaidie fulani kazidiwa. Nimeuliza ovataimu bosi kaniambia ukilipwa kwa siku haipo, halafu eti madraiva wametolewa kwenye sheria. Wenzangu wananiambia nyamaza, makaratasi yako ya uhamiaji bado hayajakaa sawa. Je ni kweli? – Draiva, Columbus

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujaenda mbali, kesho ukifika kazini fungua mlango wa upande wa dereva uangalie pale kwenye fremu kuna stika, tafuta herufi GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao gari limeruhusiwa pamoja na mzigo, na namba ya pauni iliyo mbele yake. Ipige picha. Hiyo namba ndo inakata nusu ya maneno ya bosi wako.

Iko hivi, sheria ya kazi ya Marekani ya 1938, ile FLSA, inasema ukizidisha saa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu. Ila ndani yake kuna kipengele kinachowatoa madraiva wa kampuni za uchukuzi wanaobeba mizigo inayosafiri kati ya jimbo na jimbo, na hapo ndo bosi wako amepata lugha yake. Asichokwambia, au labda na yeye hajui maana wengi wa hawa wenye vikampuni wamejifunza sheria kwa kuambiana, ni kwamba mwaka 2008 Bunge lilirekebisha mambo: gari ambalo GVWR yake ni pauni 10,000 kushuka chini, draiva wake anarudi kwenye ovataimu kama mfanyakazi mwingine yeyote, labda tu awe anabeba kemikali za hatari zile za kubandikiwa mabango. Vani nyingi za maboksi ziko chini ya hapo. Yale magari ya sanduku kubwa unayoingia umesimama mara nyingi yako juu. Na kama wiki moja unapewa vani siku tatu na lile kubwa siku mbili, Wizara ya Kazi inaihesabu wiki hiyo yote kuwa ya ovataimu, kwa hiyo andika kila siku umeendesha gari gani.

Sasa hilo la kulipwa kwa siku. Kulipwa kwa siku ni halali kabisa, kutolipwa ovataimu kwa sababu eti unalipwa kwa siku ndo sio halali, watu wanachanganya hayo mawili kila siku. Hesabu yake nenda nayo taratibu: 200 mara siku 5 ni dola 1,000, gawanya kwa saa ulizofanya, 50, unapata dola 20 kwa saa. Zile saa 10 za juu ya 40 ile dola 20 umeshalipwa ndani ya 1,000 yako, kilichobaki ni nusu yake tu, dola 10, mara saa 10, ni dola 100 kwa wiki unazodai. Najua utasema mbona kidogo, wenzako watakuwa wamekwambia ni 300, hapana, usiende kudai 300 ukaonekana hujui hesabu. Lakini dola 100 kila wiki kwa mwaka mzima ni zaidi ya 5,000 bana, na mahakama kwa kawaida inaongeza kiasi kama hicho hicho juu yake kama fidia, bosi asipoweza kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kweli ya kuamini yuko sawa.

Na saa zenyewe zihesabu vizuri, hapa ndo watu wanapoteza. Kile kimkutano cha asubuhi stesheni, kukagua gari, kupakia, foleni ya mafuta jioni, kurudisha skana na maboksi yaliyokataliwa, na huko kumsaidia mwenzako, yote ni kazi. Angalia peistabu yako, ile karatasi ya mchanganuo wa mshahara, kama wanakukata nusu saa ya lunchi kila siku. Kama hiyo nusu saa unakula ndizi huku mkono mmoja uko kwenye usukani, hiyo sio lunchi, mapumziko ambayo hayalipwi lazima uwe umeachiwa kazi kabisa. Kila siku andika muda wa kuingia na kutoka kwenye daftari lako mwenyewe, apu ya kampuni usiitegemee, siku ukifukuzwa wanaifunga dakika hiyo hiyo.

La makaratasi: ovataimu ya saa ulizokwisha kufanya ni haki yako makaratasi yawe yamekaa sawa au hayajakaa, na kukufukuza kwa sababu umedai ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Hata hivyo sitakudanganya, naelewa kwa nini watu wanaogopa kupiga simu ofisi ya serikali. Ofisi ya Wizara ya Kazi inayoshughulikia mishahara namba yao ni 1-866-487-9243, omba mkalimani wa Kiswahili. Kama roho inasita, tafuta wakili wa kesi za mishahara, wengi hawadai hela mbele kwa sababu ukishinda bosi ndo anamlipa wakili. Ila usikae sana kuwaza, unaweza kudai miaka 2 tu ya nyuma, au 3 kama bosi alijua na akafanya makusudi, kwa hiyo wiki inavyopita mbele na ya nyuma kabisa inadondoka.

SWALI: Dada, mume wangu ni draiva wa maboksi hapa Louisville, gari kubwa, na yuko kwenye yuniani, chama cha wafanyakazi. Ovataimu analipwa vizuri sina shida, shida anaingia nyumbani saa 4 usiku watoto wamelala, wiki nzima. Anaweza kukataa saa? – Mama wawili

JIBU: Pole dada. Kwa sheria ya nchi mtu mzima hana kikomo cha saa, bosi akilipa ovataimu anaweza kukwambia endelea. Kichekesho ni kwamba mwenye gari kubwa kama mumeo ndo ana kikomo cha uchukuzi: kuendesha kusizidi jumla ya masaa 11, asiendeshe baada ya saa 14 tangu aingie kazini, na jumla ya saa 60 kwa siku 7, au 70 kwa siku 8 kama kampuni inafanya kazi kila siku. Yule wa vani ndogo ovataimu anayo, kikomo hana.

Kinga ya kweli kwake ni mkataba wa yuniani. Kampuni hukuitaja, nachukua mfano wa UPS, kampuni ya kupeleka maboksi, na yuniani yake Teamsters: ovataimu inaanza baada ya saa 8 za siku, mkataba wa 2023 unaofika hadi Julai 2028 umezuia kulazimishwa kufanya kazi siku ya ofu, halafu kuna listi inaitwa nainpointfaivu, yaani 9.5, draiva anajiandikisha kwamba hataki kufanyishwa zaidi ya masaa 9 na nusu kwa siku, wakimpitisha zaidi ya siku mbili katika wiki anaandika malalamiko na kampuni inalipa faini kwake. Msimu wa Krismasi inalegea. Muulize mumeo kama amejiandikisha, wanaume wengi hawajiandikishi kwa sababu wanaipenda ile cheki, hayo mtayamaliza nyumbani.

SWALI: Mimi nilisainishwa 1099, ile karatasi ya kodi ya mtu anayejitegemea asiyeajiriwa, lakini gari lao, yunifomu yao, ruti yao. Nina ovataimu? – Dallas

JIBU: Karatasi haiamui, wanaangalia kazi yenyewe ilivyo. Gari lao, ratiba yao, huwezi kutuma mtu mwingine badala yako, huna mteja wako: hapo unafanana kabisa na mfanyakazi, na mahesabu ya kaka wa Columbus yanakuhusu. Weka picha za ruti na meseji za dispacha, usifute hata moja.