Jibu: Siku mbili Lubbock kwa ajili ya Buddy Holly

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuyaona maeneo ya Buddy Holly, mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, mjini Lubbock, Texas, alikozaliwa mwaka 1936. Zinatosha kabisa, ila usianzie kwenye sanamu yake kama wengi wanavyofanya, anzia makaburini.

Kaburi lake limo katika makaburi ya jiji, nalo ni bamba la jiwe lililolazwa usawa wa ardhi, limechongwa gitaa, na jina limeandikwa "Holley", kwa herufi ya "e" ambayo ukoo wake uliitumia siku zote na ambayo ilidondoka kwenye mkataba wake wa kurekodi wa mwaka 1956. Juu yake wageni huacha sarafu na vile vipande vidogo vya plastiki vya kupigia nyuzi za gitaa. Alifariki katika ajali ya ndege Februari 3, 1959, akiwa na miaka 22 tu, na huzuni ya jambo hilo utaihisi vizuri zaidi pale kuliko kwingineko.

Kisha nenda Buddy Holly Center, makumbusho yake iliyomo katika stesheni ya zamani ya reli, ukaione miwani aliyokuwa ameivaa siku ya ajali.

Siku ya pili iwe ya Clovis, New Mexico, yapata kilomita 160, iliko studio ya mtayarishaji wa muziki Norman Petty, ambamo Holly alirekodi nyimbo zake kubwa. Weka miadi mapema, na ukumbuke kwamba saa za huko ziko nyuma kwa saa moja.