Maswali na Majibu: Chambo cha Mbao Kinachogoma Kuogelea

Swali: Nimechonga chambo cha sentimita 7, kinapendeza sana, ila nikikivuta kwa kasi kinalala ubavu na kuzunguka. Kosa liko wapi?

Jibu: Uzito umekaa juu, au haupo kabisa. Kabla hujagusa rangi, kivalishe ndoana na pete zake zote, kisha kiweke kwenye beseni la maji. Kinatakiwa kielee mgongo ukiwa juu. Kikiegemea upande, funga kipande cha madini ya risasi tumboni kwa selotepu, ukisogeze mbele na nyuma mpaka kitulie. Hapo ndipo utoboe na kukizamisha kwa gundi. Bado kinapinduka? Ulimi wa mbele, yaani kile kibao chembamba cha kidevuni, ni mkubwa mno. Upunguze kwa msasa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Watu wanachonga jioni, usiku wanapaka rangi, asubuhi wako ziwani wanalaumu samaki.

Swali: Changu kinakwenda kushoto tu.

Jibu: Kishike kichwa kikikutazama, ushike koleo, upinde kijicho cha kufungia mshipi kulia. Kidogo sana. Kisiponyooka, ulimi umebandikwa upogo, ung'oe.

Swali: Rangi gani inakamata sangara?

Jibu: Kila mara swali hilihili! Mwaka 1936 Lauri Rapala wa Finland alichonga chambo kwa koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, akakifunga karatasi ya chokoleti. Alichohangaikia ni chambo kiyumbe kama samaki aliyejeruhiwa. Nawe anza na mwendo, ya rangi tutazungumza baadaye.

Swali: Mbao ya balsa, ile nyepesi sana, inapatikana wapi?

Jibu: Ya nini, na misufi ipo? Mbao yake ni nyepesi na inachongeka kwa kisu. Ikaushe vizuri, uipake vanishi mara kadhaa, maana ikinywa maji mizani yote inaharibika. Ulimi kata kwenye CD ya zamani. Ukiusimamisha, chambo kitaogelea karibu na uso wa maji. Ukiulaza na kuurefusha, kitazama zaidi. Waya uwe mmoja, toka puani hadi mkiani. Skrubu ndogo kwenye mbao laini haimhimili sangara, atakwenda nayo na ndoana mdomoni.

Swali: Mke wangu hataki niyeyushie risasi jikoni. Si anazidisha?

Jibu: Hazidishi hata kidogo, msikilize. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowaumiza zaidi: inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kilichothibitika kuwa salama. Tone la maji likiwa ndani ya kalibu, risasi ya moto inakurukia usoni. Kwa chambo kidogo huhitaji moto wowote. Kata risasi baridi kwa kisu ukiwa nje, unawe mikono kwa sabuni, au tumia vipande vya msumari. Na kama ulishaiyeyushia kwenye sufuria, hiyo isipikiwe tena, hata ukiisugua kwa mchanga.