Jibu: Kuacha daladala na kwenda na malori ya Kongo

Ndugu, umeuliza kama uache daladala uendeshe semitrela ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, ilhali mkeo ni mjamzito. Kwa maoni yangu, jambo la kupima kwanza si mshahara bali foleni. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, lakini kinachokula muda hasa ni mipaka ya Tunduma, unapoingia Zambia, na Kasumbalesa, unapoingia Kongo, ambako dereva hulala ndani ya kichwa cha gari akisubiri karatasi za forodha, huku posho ikiishia kwenye chakula, maji na choo cha kulipia. Kabla hujasaini mkataba, muulize tajiri atalipa nini gari likikwama mpakani, na nani atabeba faini ya uzito kupita kiasi kwenye mizani ya barabarani ikiwa mzigo ulipakiwa bila wewe kuwapo. Leseni ya daraja E, ile ya malori makubwa, utaisomea. Kushuka mlima mkali wa Kitonga, kule Iringa, na mzigo ni jambo jingine, hivyo omba kwanza kuwa utingo wa dereva mzoefu, umwone anavyopunguza gia kabla ya mteremko ili breki zisichemke. Safari zenyewe, nakusihi, zisubiri mkeo ajifungue salama na apate nguvu.