Jetiski ya Zamani Ikikuzimia Baharini, Tazama Kwanza Imezimaje

Mara ya kwanza jetiski yangu, hii pikipiki ya majini, kunizimia nilikuwa nje kidogo ya mlango wa kriki ya Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, maji yakipwa na kusi imeanza kukaza. Nchi kavu ilikuwa naiona, hata watu waliokuwa ufuoni nawaona, lakini maji ya kupwa yanayotoka kriki yalikuwa yananipeleka nje kuelekea mwambani. Jetiski iliyozima haina usukani. Inageuka kwa nguvu ya maji yanayorushwa na pampu nyuma, kwa hiyo injini ikikata, hata uzungushe mpini mpaka mwisho, chombo kitaendelea na njia yake. Mbele yako akiwa mtu anaogelea, huwezi kumkwepa. Ndiyo maana nawasihi wenye mashine hizi za zamani: ikizima mara moja bila sababu unayoijua, usiirudishe bahari kuu mpaka uijue.

Mimi niliirudisha. Niliweka plagi mpya, ikaenda vizuri dakika 15, ikazima. Nikabadilisha koili, inayoipa plagi umeme wa cheche, dakika 15, ikazima. Nikanunua betri, na betri ile haikuwa na hatia yoyote. Kila mara ikipumzika kidogo inawaka kama haijawahi kuugua, nami nashukuru Mungu na kudhani imepona.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa boti. Nilimwamkia, nikaanza kumhesabia vifaa nilivyonunua. Akanikata.

"Mwanangu, ilizimaje?"

"Ilizima tu, mzee."

"Hakuna kuzima tu. Ilikata kama taa, au ilikufa kama mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa imenizimia mara nne na sikuwa nimeisikiliza hata mara moja.

Swali lile ndilo nusu ya kazi. Injini ikikata ghafla kama umebonyeza swichi, bila kukohoa, anza na umeme: kamba ya usalama unayoivaa mkononi, swichi yake, waya, taminali zilizoota kutu, halafu koili na boksi la spaki, yaani cheche ya plagi. Ikifa polepole, ikikohoa na kupoteza nguvu, na hasa ikikohoa zaidi unapokamua mafuta, anza na petroli. Ikishuka resi yenyewe lakini haizimi kabisa, tazama kitundu cha pembeni kinachotoa maji ya kupozea kama bado kinatoa. Mashine nyingi hupunguza mwendo zenyewe zikipata joto, na mara nyingi kosa ni mwani au mchanga uliovutwa na pampu.

Yangu, nilipoisikiliza, ilikuwa inakufa kama mgonjwa. Mzee akaniambia nikaifunge gatini kwa kamba mbili, kwenye maji yanayopita kiunoni ili pampu isinywe mchanga, niiache iende mpaka izime, kisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote nifungue kifuniko cha tangi. Nikafanya hivyo. Ilipozima nikazungusha kifuniko taratibu, na tangi likavuta hewa: fyuuu, kwa muda mrefu, mpaka ule mpira wa kifuniko ulikuwa umeng'ang'ania kidole. Nikabonyeza stata, ikawaka papo hapo.

Tangi lilikuwa limebanwa pumzi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa hiyo hupita kwenye mpira mwembamba wenye kivalvu cha njia moja, kidogo kuliko kidole gumba, kinachoruhusu hewa kuingia na kuzuia petroli isimwagike chombo kikipinduka. Nilipokichomoa na kukipuliza kwa mdomo, hakikupitisha kitu. Chumvi ilikuwa imeganda ndani nyeupe kama sukari, na mwisho wa mpira nyigu alikuwa amejenga kwa udongo wakati mashine imelala chini ya mwembe miezi miwili. Maji baridi yasiyo na chumvi, sindano, na dakika kumi za kazi. Nilipofikiria bei ya ile betri niliumia.

Ningeishia hapo, lakini wiki chache baadaye ilizima tena, baada ya dakika zile zile 15. Nikakimbilia kifuniko: kimya. Hakuna fyuu. Safari hii ilikuwa imekata kama taa. Hapa naomba utulie nami, maana magonjwa haya mawili yanafanana sana: yote huja injini ikishafanya kazi kwa muda, na yote hupona kwa kupumzika. Tofauti ni kwamba tangi lililobanwa likifunguliwa injini huwaka hapo hapo, ila ugonjwa wa umeme wa joto unakusubirisha mpaka vyuma vipoe.

Niliunganisha taa ya kupimia spaki: hakuna. Usipime kwa kugusisha plagi kwenye chuma huku kiti kiko wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya injini ukisubiri cheche moja tu. Fungua kiti dakika tano kwanza, na tumia taa ya kupimia. Kisha nikachomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwa sababu kwenye mashine nyingi za zamani waya huo ukigusana na chuma cha injini tu, injini inadhani umeiamuru izime. (Ukiuchomoa, mashine uwe umeifunga, na ujue utaizima kwa choki.) Bado spaki hakuna, basi swichi haikuwa na kosa. Nikaenda kwenye koili ndogo iliyo nyuma ya fraiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini; koili hiyo ndiyo inayoiambia spaki iruke saa ngapi. Ikiwa ya moto, mita haikusoma kitu. Ilipopoa, ikasoma sawasawa na kitabu. Waya wa ndani ulikuwa umekatika, unatengana kwa joto na kugusana kwa baridi. Ukiipima asubuhi kwenye gereji, utaapa ni nzima.

Kuhusu mipira ya petroli sitasema mengi, ila ikiwa mashine yako ni ya miaka ya 1990 na bado ina mipira ya kijivu iliyotoka nayo kiwandani, itoe yote. Huoza kwa ndani na kuacha utelezi wa kijani unaoziba vichujio vidogo ndani ya kabureta. Mpira uliopasuka kwa upande wa kuvuta pia hauvujishi tone, unavuta hewa tu. Weka kipande cha mpira wa kuonea ndani utazame mapovu. Na injini ya tustroki ambayo oili yake huchanganywa kwenye petroli, ikikosa petroli inakosa pia ulaini. Inayokohoa leo huku ukiilazimisha mbio, kesho pistoni inashika, na hapo hutafuti kivalvu tena, unatafuta injini.

Siku hizi mwisho wa ule mpira wa hewa nimeuelekeza chini na kuufunga kipande cha chandarua. Nikirudi pwani naisafisha kwa maji baridi: nawasha injini kwanza ndipo nafungua bomba, na nikimaliza nafunga bomba kwanza ndipo nazima, ili maji yasirudi kwenye silinda kupitia ekzosi. Chini ya kiti mna kamba ndefu, filimbi, nanga ndogo na kijidaftari ambamo naandika imezima saa ngapi, kwa sauti gani, na kifuniko kimevuta au hakikuvuta.