Amplifaya ya mzee inavuma, na spika ya kushoto inakata

Kaka, pole, ila usiiuze kwa wanunua chuma chakavu. Unasema inavuma hata volyumu ikiwa sifuri, na spika ya kushoto hukata ukigusa kinobu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Anza na la kushoto, ni rahisi. Hewa yetu ya Dar ina chumvi na unyevu, swichi na volyumu za zamani zinashika kutu. Chomoa umeme, pulizia spirei ya kusafishia kontakti ndani ya volyumu, kisha izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Fanya hivyo hata kwa balansi (kinobu cha kugawa sauti kushoto na kulia) na swichi ya tepu (ya kusikilizia kinasa sauti), ambayo watu huisahau. Mafuta ya cherehani hapana! Yanakusanya vumbi.

Mvumo sasa. Chomoa nyaya zote za kuingizia sauti. Mvumo ukiendelea vilevile, mzito na wa chini, shuku zile kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) kubwa za pawa saplai, sehemu inayoilisha amplifaya umeme, zilizosimama kama mikebe. Zikichoka haziwezi tena kulainisha umeme. Ya kubadilishia iwe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) zilezile, volti zilezile au zaidi, na upande wa hasi usiukosee. Kariakoo zipo, ila nyingine ni feki. Fundi mwenye mita ya kapasita azipime kabla hujalipa.

Usiguse ndani mara tu baada ya kuzima, kapasita hubaki na chaji. Na kama mashine ilitoka Japani, soma nyuma: ikiwa ni ya volti 100, lazima transfoma ya kushusha umeme wetu wa ukutani.