Kuanza ukaguzi kwenye kampuni kubwa
Mdogo wangu, umeuliza kama mhitimu wa uhasibu anajifunza kitu kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar, au ni kutumwa chapati tu. Anajifunza, ila kazi yenyewe haina mbwembwe. Mwanzoni ni kulinganisha hati ya malipo na ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na taarifa ya benki, faili baada ya faili. Tarehe 31 Desemba uko ghalani kwa mteja unahakiki mzigo wake, unahesabu mifuko ya saruji, vumbi hadi kwenye kope, wenzako wanasubiri mwaka mpya. Januari hadi Machi sahau wikiendi. Hela ya kawaida tu, tusidanganyane. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ni Mei na Novemba; omba likizo kabla ratiba za wateja hazijapangwa.