Barua kwa mwanangu: Biblia yenye bastola

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza nawezaje kucheka nikitazama filamu ya Buck and the Preacher, ilhali ni hadithi ya watu weusi wanaowindwa. Swali hilo limenikaa moyoni wiki nzima.

Sisi tulikulia kwenye picha za kauboi. Stelingi alikuwa Mzungu, na mtu mweusi ukimwona, basi ni mtumishi. Kumbe wanahistoria wanakadiria kwamba karibu robo ya makauboi wa Marekani walikuwa weusi! Hayo hatukuonyeshwa. Mwaka 1972 ndipo mwigizaji mweusi Sidney Poitier akaongoza filamu yake ya kwanza, ndiyo hii, na mwenyewe akaigiza kama Buck, anayewavusha watu waliotoka utumwani kwenda kutafuta ardhi magharibi. Wenye mashamba wa Louisiana wamewalipa watu wenye bunduki wawarudishe wakalime.

Sasa mtazame Harry Belafonte, anayeigiza yule mhubiri tapeli. Meno yamekuwa ya kahawia, maneno matamu hayamwishi, Biblia haimtoki mkononi. Kumbe kurasa zimekatwa katikati, na bastola imelala humo. Wale wawindaji wanamwona mpuuzi tu, mpaka anapoifungua. Hapo ndipo ninapocheka, mwanangu. Kambi inapovamiwa sicheki, na Poitier hakutia mzaha pale. Nacheka kwa sababu dharau yao wenyewe ndiyo iliyowapofusha. Miaka yote tulichekwa sisi kwenye sinema. Mara hii anayechekwa ni mbaguzi, na anayemchekesha mtazamaji ni mtu mweusi mwenye akili kumshinda.

Tena hawa wawili si wageni kwetu. Mwaka 1959, mwanasiasa Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za ndege za vijana wetu wa Kenya kwenda kusoma Marekani, Poitier na Belafonte waliungana na Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli, kuwachangishia. Vijana 81 waliondoka Septemba ile. Na Belafonte huyohuyo ndiye aliyeimba "Malaika" na Miriam Makeba, wimbo ambao mama yako alikuwa akikubembelezea.

Itazame tena ukiwa umetulia. Usiipitishe haraka sehemu ya mtoni, Buck anapomkuta mhubiri akioga na kumlazimisha wabadilishane farasi. Kisha nipigie, uniambie ulicheka wapi.

Ni mimi baba yako